Daraja la Cahors: Ngome au Njia ya Biashara?

Anayelitazama Daraja la Valentré mjini Cahors, kusini-magharibi mwa Ufaransa, huona ngome kwanza, daraja baadaye. Minara mitatu imesimama juu ya matao sita makubwa, na chini yake unapita Mto Lot, ambao umeuzunguka mji pande tatu. Ndiyo maana wengi hulihesabu kuwa zao la Vita vya Miaka Mia baina ya Waingereza na Wafaransa. Tarehe zinakataa: jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1308, ilhali vita hivyo vilianza 1337. Kilichotangulia ni fedha. Wakopeshaji wa Cahors walivuma Ulaya nzima, hata Dante, alipoisimulia Jehanamu, akautaja mji wao sambamba na Sodoma kwa sababu ya riba. Mwaka 1316 mzaliwa wa hapo, Jacques Duèze, akawa Papa Yohane XXII, kisha akaupatia mji chuo kikuu. Mji wenye nguvu hiyo, uliobanwa na maji, ulihitaji kivuko cha uhakika kwa watu na mizigo.

Atauliza mtu: kama shabaha ilikuwa biashara, minara ya nini? Swali ni la haki, kwani Waingereza walikuwa na milki katika nchi jirani ya Gascony tangu karne ya 12, na hofu haikusubiri 1337. Lakini lango la mnara lina kazi mbili: humzuia adui, na humsimamisha mchuuzi alipe ushuru. Kazi ile ya kwanza haikuuokoa mji. Cahors iliingia mikononi mwa Waingereza kwa kalamu, kupitia Mkataba wa Brétigny wa 1360, daraja likiwa bado linajengwa. Lilikamilika karibu 1378. Na Henri wa Navarre alipouteka mji mwaka 1580, aliingilia daraja jingine.

Sura yenyewe nayo si shahidi wa kuaminika sana. Sehemu ya tunachokiona leo ni ukarabati wa Paul Gout wa karne ya 19, na kile kishetani cha jiwe kinachoonyeshwa kuwa ushahidi wa ngano ya mjenzi aliyemwahidi shetani roho yake kilichongwa wakati huo. UNESCO ilipoliorodhesha daraja mwaka 1998, iliwatazama waliolivuka: ililiweka miongoni mwa njia za mahujaji wa Santiago de Compostela.