Fowili Yako Ilikufa Lini? Historia Fupi ya Magari Yetu ya Pwani

Wanangu, leo nasema kitu ambacho wauza magari hawatakipenda. Hapa Kilifi na Malindi kuna magari makubwa kibao yameandikwa 4WD nyuma, lakini magurudumu ya mbele hayajavuta kitu miaka nenda rudi. Na mwenye gari hana habari.

Hana habari kwa sababu ya lami. Zamani kuvuka mkono wa bahari pale Kilifi ilikuwa ni feri, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Miaka hiyohiyo ya tisini mwanzoni, serikali ikalegeza masharti ya kuingiza magari, na mitumba ya Japani ikaanza kumiminika bandari ya Mombasa. Basi gari lililoundwa kwa tope na mawe likawa la kwenda Watamu wikendi. Kigingi cha fowili hakiguswi mwaka mzima, na chumvi ya bahari inakula waya polepole.

Shida inakuja mvua ikinyesha. Toka nje ya lami uelekee Bamba, Ganze au Marafa, halafu uniambie. Wazee wanakumbuka El Niño ya 1997, na sisi wenyewe tuliona mafuriko ya mwisho wa 2023. Usiku kama huo, gari la jirani ndilo ambulensi. Mama mjamzito yuko kiti cha nyuma, matairi ya nyuma yanachimba shimo, ya mbele yametulia tu kama yako kwa yadi. Huo si wakati wa kujua fowili ilikufa.

Sasa, ili ujue ugonjwa uko wapi, lazima ujue gari lako ni la zama zipi. Kila zama ilificha ugonjwa mahali pake.

Zama ya kwanza ni ya chuma. Land Rover ilitoka 1948, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa gari la serikali na polisi nchi hii. Unabonyeza kinobu cha manjano, fowili inaingia. Unavuta kigingi chekundu, unapata gia nzito ya chini. Mengine yalikuwa na habu za kufungia kwenye magurudumu ya mbele: unashuka, unazungusha kwa mkono. Ikikataa, fundi analala chini ya gari na kuona kwa macho kilichovunjika.

Zama ya pili ni ya hewa. Hapa ndipo pesa zetu zinapotea. Pajero ya kizazi cha pili, ya 1991, ilikuja na mfumo wa Super Select. Kigingi bado kipo, lakini kinachounganisha ekseli ya mbele ni mvuto wa hewa unaopita kwenye vipaipu vyembamba vya mpira, ukiongozwa na solenoidi mbili ndani ya boneti. Jua letu linapasua mpira, chumvi inashika solenoidi. Dalili yake ni taa za magurudumu ya mbele kwenye dashi kupepesa bila kutulia. Fundi mwenye haraka anakwambia, "Transfa imeenda, tafuta nyingine." Unauza ng'ombe, kumbe ni kipaipu kimepasuka.

Zama ya tatu haina kigingi kabisa. RAV4 ilitoka 1994, CR-V 1995. Ile CR-V ina pampu mbili za oili nyuma. Magurudumu ya mbele yakiteleza, yanazunguka haraka kuliko ya nyuma, presha inapanda na klachi inashika. Ukiweka oili isiyo yake, gari linanguruma ukikata kona kali. Mtu anasikia kelele, anafikiri difu imekufa, kumbe inahitaji oili yake tu.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa hata shilingi moja, fuata mpangilio. Anza na matairi: yote manne yawe saizi moja na yameisha sawasawa. Yakitofautiana, mfumo unapigana wenyewe kwa wenyewe.

Pili, washa ufunguo bila kuwasha injini, uangalie dashi. Kama gari lako ni la aina ambayo taa ya fowili huwaka pamoja na zingine, na haiwaki kabisa, jiulize kama balbu imeungua au kuna mtu aliitoa ili usione.

Tatu, kama gari lina kigingi, nenda kwenye barabara ya vumbi, si lami. Weka fowili ya kawaida iliyofungwa, kata usukani mpaka mwisho, endesha taratibu. Inayofanya kazi itakuwa nzito, kama inakataa kona. Ikizunguka laini kama kawaida, mbele hakuna kitu.

Nne, hapa ndipo utamjua fundi wako. Weka gia ya chini. Gari likiwa zito na lenye nguvu lakini mbele bado halivuti, basi gia za chini ndani ya transfa zinafanya kazi. Usikimbilie kununua transfa. Angalia kwanza vitu vya nje na rahisi: habu, vipaipu, solenoidi. Chomoa kipaipu injini ikiwaka, ziba kwa kidole. Kama hakuna mvuto unaotoka kwenye injini, umeshapata pa kuanzia.

Mwisho, fungua oili ya difu na transfa. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yaliingia. Gari hilo lilipita kwenye mafuriko au lilioshwa na bahari. Shusha bei au ondoka.

Watu watasema haya ni mambo ya mafundi. Mimi nasema hapana. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, lakini likishaingia linauzwa tena na tena, na kila mwenye nalo anarithi uvivu wa yule aliyetangulia. Kama unalipia fowili, idai. Na ukishalipata gari, itumie angalau mara moja kwa mwezi kwenye mchanga, hata kama huendi popote. Mvua zikija haziulizi mara ya mwisho ulijaribu lini.