Kupima Virusi Katika Mbegu ya Muhogo: Kutoka Amani Hadi Equatoria

Mbegu ya muhogo ni kipande cha shina. Mkulima hukata pingili za sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye mmea uliokomaa, huzifunga mzigo na kuzipanda upya, na virusi vilivyokuwa ndani ya mmea mama huingia shambani pamoja nazo. Hali ni hiyo hiyo kwa kiazi mviringo, zao ambalo Wajerumani walianza kukagua na kuthibitisha mbegu zake mapema katika karne ya 20. Huko Equatoria, Sudan Kusini, muhogo, au bafra kwa Kiarabu cha Juba, ni chakula cha kila siku. Hata hivyo, elimu ya kupima mbegu yake ilikua zaidi kusini mwa mpaka.

Ugonjwa wa batobato ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Mjerumani Otto Warburg, katika eneo ambalo sasa ni Tanzania. Miaka ya 1930, katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walichunguza jinsi unavyoenezwa na nzi weupe na kwa mbegu yenyewe. Mwaka 1936 Storey alieleza ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia, ambao ni mdanganyifu zaidi. Batobato hujitangaza kwa majani yaliyojikunja na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi huanzia majani ya chini. Mmea huonekana umestawi, kumbe mizizi ina madoa makavu ya kahawia yasiyojulikana mpaka muhogo ukatwe kwa kisu.

Kipimo cha enzi hizo kilikuwa jicho, au kuunganisha kitawi cha mmea unaoshukiwa na mmea mzima kisha kungoja dalili. Kwamba batobato husababishwa na virusi vyenye chembe pacha kulithibitishwa mwaka 1983 tu, katika utafiti wa Bock na Woods nchini Kenya. Wakati huo tayari kulikuwa na kipimo cha kingamwili, kilichofanyiwa marekebisho kwa ajili ya virusi vya mimea mwaka 1977: majimaji ya jani hutiwa kwenye visahani vyenye vishimo, na kishimo chenye virusi hugeuka njano. Ni kipimo cha bei nafuu, na sampuli nyingi hupimwa kwa siku moja.

Kipimo hicho kilishindwa Uganda, na hapo ndipo penye somo kubwa kuliko yote katika historia hii. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali isiyo ya kawaida ilizuka kaskazini mwa Luwero, ikasonga mbele kilomita 20 hadi 30 kwa mwaka. Wakulima waliacha mihogo, na eneo la Teso likapata njaa. Kingamwili zilionyesha virusi vile vile vya zamani. Ilipofika mwaka 1997, wachunguzi waliosoma vinasaba walieleza sababu: virusi viwili vilikuwa vimechanganyika na kuzaa aina mpya, na aina hiyo ilikuwa imechukua sehemu ya ganda la virusi vya zamani, yaani sehemu ile ile inayotambuliwa na kingamwili. Tangu hapo upimaji wa kuaminika hutegemea vinasaba: jani husagwa, vinasaba hutolewa, kisha kipande cha virusi hurudufishwa mpaka kionekane.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 aina hiyo ilikuwa imeingia kusini mwa Sudan, nchi ikiwa vitani. Michirizi ya kahawia, iliyojulikana zaidi pwani na nyanda za chini, ilionekana tena Uganda mwaka 2004. Mwaka uliofuata mkataba wa amani wa Sudan ulianza kuwarejesha wakimbizi makwao, na mwaka 2016 vita viliwafukuza tena watu wengi wa Yei na Kajo-Keji, huko Equatoria, kuvuka kwenda Uganda. Anayerudi nyumbani hubeba mbegu, na ni haki yake, kwani bila hiyo hana shamba.

Shambani, mkaguzi hutembea kwa mistari miwili inayokatizana na kutazama mimea 30, akiipa kila mmoja alama 1 hadi 5. Kisha huinama chini. Jani la kwanza kuota likiwa na batobato, ugonjwa ulikuja na pingili. Ikiwa yameathirika majani ya juu peke yake, nzi weupe ndio walioleta. Tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha kama mbegu au jirani ndiye chanzo. Nchini Tanzania, taasisi ya TOSCI huthibitisha mbegu ya muhogo kwa madaraja, na programu ya simu iitwayo Nuru humsaidia mkulima kutambua dalili kwa kamera. Lakini kamera haioni virusi katika mmea usio na dalili.

Kwa hiyo maabara inahitajika zaidi mwanzoni kabisa, kwenye mimea mama michache itakayogawanywa. Mmea mmoja hutoa takriban pingili 10. Mama mgonjwa asiyepimwa huwa mimea 100 baada ya misimu miwili, nayo imeshagawiwa vijiji kadhaa kabla ya mtu yeyote kukata muhogo kwa kisu.