Pombe ya Ulezi Katika Ufipa: Je, Imebadilika?

Katika kuchunguza utamaduni wa taifa letu tumezoea kuanza na ngoma, vinyago na mashairi. Kinywaji hatukitazami sana, pengine kwa sababu humalizika mara kiivapo, na pengine kwa kuwa mwalimu huona haya kukitaja mbele ya wanafunzi. Hata hivyo, mtu apitaye Kaengesa, au kijiji kingine chochote cha nyanda za Ufipa, hatakosa kumsikia mzee akisema kwamba pombe ya leo si ile ya zamani. Je, neno hilo ni historia, au ni desturi tu ya wazee kuusifu ujana wao?

Huko Bordeaux, Ufaransa, swali la namna hii hujibiwa kwa urahisi kiasi. Chupa ya divai nyekundu ya mwaka 1961 yaweza kufunguliwa leo na kuonjwa kando ya chupa ya mwaka 2010 iliyotoka katika shamba lile lile. Tena kiwango cha kilevi, ambacho zamani kilikuwa karibu asilimia 12 na siku hizi mara nyingi hupita 13, huandikwa kwenye chupa yenyewe. Pombe ya ulezi haina chupa wala mwaka. Baada ya siku chache huchachuka mno ikamwagwa. Kwa hiyo mwenye kutafuta ukweli hana budi kuviuliza vitu vingine: nafaka, chombo, na sheria.

Tuanze na nafaka, maana ndiyo yenye siri kubwa. Ulezi ni mmea wa Afrika tangu asili, hali mahindi yalitoka Amerika, nayo hayakujulikana katika bara letu kabla ya safari za Columbus za 1492. Wafipa walilima ulezi kwa utaratibu wa ntumba, yaani kufukia majani ndani ya vilima vidogo vya udongo ili yaoze yawe mbolea, kisha kuvibomoa vilima hivyo na kupanda. Punje zake ni ndogo, haziliwi sana na wadudu, na huweza kukaa ghalani miaka kadhaa. Ganda lake la rangi ya kahawia na wekundu lina ukakasi, nao ni ndugu wa ukakasi ule unaotoka katika maganda ya zabibu nyekundu. Zaidi ya hayo, ulezi uliooteshwa ukawa kimea huugeuza wanga kuwa sukari vizuri kuliko mahindi yaliyooteshwa. Pombe iliyopikwa kwa ulezi mtupu, basi, ilikuwa nzito, yenye rangi iliyokolea na ukali mkavu ulimini.

Mahindi yalikuwapo Ufipa tangu zamani, lakini yalishika nafasi ya mbele katika miaka ya 1970. Mwaka 1974 Rukwa ilifanywa mkoa. Kipindi hicho hicho Serikali iliweka bei moja ya mazao kwa nchi nzima na kutoa mbolea kwa ruzuku, nalo Shirika la Usagishaji la Taifa likanunua mahindi hata ya wakulima walio mbali na reli na bandari. Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa minne mikuu ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Ghala lilipojaa mahindi, chungu nacho kikapokea mahindi: uji ukapikwa kwa unga wake, na ulezi ukabaki kuwa kimea tu. Pombe ya namna hiyo, inayoitwa komoni katika miji mingi ya nyanda za juu kusini, ni nyeupe zaidi na ukakasi wake ni mdogo.

Kuhusu chombo sitasema mengi. Chungu cha udongo huhifadhi chachu katika vitundu vyake, na kila pishi hurithi la kabla yake; pipa la chuma na ndoo ya plastiki husuguliwa zikatakata.

Lakini kwa maoni yangu fedha ndiyo iliyobadilisha zaidi. Zamani pombe ilipikwa ili kuita watu shambani au kujenga nyumba, na mwenye kazi aliona aibu kuwapa majirani kinywaji hafifu. Sheria ya Vileo ya 1968 ilidai leseni kwa mwenye kuuza. Mama apikaye kwa kuuza huhesabu kuni, unga na siku. Kwa kuwa ulezi mara nyingi una bei kubwa kuliko mahindi, na wengi huutaka kwa uji wa watoto, haishangazi kwamba huupima kwa kibaba.

Wazee, basi, wana haki katika habari ya rangi na ukakasi. Wanaposema kwamba ya zamani ililevya zaidi, hapo hatuna cha kushika, maana hakuna aliyeipima. Na kimea ni kile kile: ulezi hulowekwa, huoteshwa, huanikwa juani na kusagwa, kisha hutiwa katika uji uliopoa.