Kwa Nini Pikapu Yako Inachelewa Kuchanganya? Historia Fupi ya Turbo, Kuanzia Winterthur Hadi Msamvu

Msamvu ni njia panda. Ukitoka Dar es Salaam, ukifika hapa unachagua: Dodoma au Iringa. Mahali pa namna hii gereji hazikosi kazi, na kuna lalamiko moja ambalo mafundi wamelizoea: "Fundi, gari haivuti. Nakanyaga, inajifikiria kwanza, ndiyo iondoke."

Jibu la haraka huwa ni "turbo imekufa, tafuta nyingine." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine mwenye gari anatoa pesa ya msimu mzima wa mazao, anafunga turbo nyingine, na gari linabaki vilevile. Ukiijua historia ya kifaa hiki unaweza kuepuka hasara hiyo, kwa sababu kila kipande kilichofungwa pale kiliwekwa ili kutatua shida fulani. Ukiijua shida, unajua pia pa kuanzia kutafuta.

Moshi uliopewa kazi

Mwaka 1905, mhandisi Mswisi Alfred Büchi, mzaliwa wa mji wa Winterthur, alipata hataza ya wazo lake. Alikuwa anasumbuliwa na upotevu: karibu theluthi moja ya nishati ya mafuta hutoka na moshi na kupotea hewani. Akawaza, kwa nini moshi huo usizungushe gurudumu, na gurudumu hilo lizungushe feni ya kusukuma hewa zaidi kwenye injini? Hewa ikiongezeka, unaweza kuchoma mafuta mengi zaidi, na nguvu inaongezeka bila kukuza injini.

Kwenye karatasi ilikuwa rahisi. Kwenye chuma ilimchukua miaka 20. Mwaka 1925 alifanikiwa kuongeza nguvu ya injini ya dizeli kwa zaidi ya asilimia 40, na muda si mrefu meli za Kijerumani zikaanza kutumia mfumo wake.

Wakati huohuo Marekani walikuwa na shida nyingine: ndege zikipanda juu zinaishiwa nguvu, maana hewa ya juu ni nyepesi. Mwaka 1918, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya ndege kwenye mlima Pikes Peak, mita 4,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Bila turbo, injini iliyokuwa na nguvu za farasi karibu 350 kule chini ilishuka hadi 230. Kwa turbo, ilirudi kwenye 350 na kuzidi kidogo.

Hapo Uluguru inaingia. Mji wa Morogoro upo kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Ukiiacha barabara ya Iringa eneo la Mzumbe na kupanda kuelekea Mgeta kufuata kabichi na karoti, unapita mita 1,000 na kuendelea. Kwenye mita 1,500, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 84 tu ya ule wa pwani. Kwa hiyo turbo mgonjwa anaweza kujificha barabara ya tambarare, halafu akakuumbua mlimani ukiwa na mzigo.

Kwa nini inachelewa?

Meli hutembea kwa mwendo uleule saa nyingi, hivyo kuchelewa kwa sekunde chache hakumsumbui mtu. Gari halifanyi hivyo: unasimama, unaondoka, unapita lori, unapunguza. Kila ukikanyaga, turbo lazima ichanganye upya.

Na fizikia haina huruma. Nishati ya kitu kinachozunguka huongezeka kwa mraba wa kasi. Turbo ikitoka mizunguko 20,000 kwa dakika hadi 120,000, kasi imepanda mara 6, lakini nishati imepanda mara 36. Nishati hiyo inatoka kwenye moshi, na injini ikiwa chini moshi ni kidogo.

Wahandisi wakajaribu turbo ndogo, nyepesi kuamka. Lakini ndogo huzidisha mgandamizo injini ikikimbia, ndipo ukawekwa mlango wa kupitisha moshi pembeni, ule ambao mafundi huuita westigeti. Kuanzia miaka ya 1990, magari mengi ya dizeli yalianza kupata turbo yenye mapezi yanayojifunga na kujifungua: yakibana, moshi kidogo unapita kwa kasi na turbo inaamka mapema.

Sasa angalia: mlango, mapezi, fimbo ya kuyasogeza, mipira ya kuiongoza fimbo. Kila dawa ya kuchelewa ilileta kipande kipya kinachoweza kuharibika na kurudisha kuchelewa kulekule.

Twende kwenye gari lako

Kwanza, hakikisha lina turbo! Land Cruiser pikapu zenye injini ya 1HZ, na Hilux za 3L na 5L, hazikutoka kiwandani na turbo.

Pili, tazama moshi ukikanyaga. Mweusi mwingi maana yake mafuta yamezidi hewa: shuku chujio la hewa lililojaa vumbi, au mpira wa hewa uliopasuka kati ya turbo na injini. Sikiliza mlio wa "fsss", tafuta alama za oili kwenye maungio, kaza klipu. Gari likikosa nguvu bila moshi mweusi, anza na chujio la dizeli. Kwenye injini za kompyuta ishara hii hufifia, maana kompyuta ikiona hewa pungufu hupunguza mafuta yenyewe.

Tatu, mipira myembamba. Baadhi ya pampu za zamani zina kimpira kinachoijulisha pampu kwamba hewa imeongezeka, iongeze mafuta. Kikipasuka, turbo inaweza kuwa nzima kabisa na gari bado likagoma.

Nne, fimbo ya turbo. Kwenye nyingi zinazoongozwa kwa mvuto wa hewa wa pampu ya vekyumu, fimbo hujivuta ukiwasha injini na kurudi ukizima. Isipotikisika, kagua mpira na vali yake kwanza. Pengine mapezi yameganda kwa masizi.

Tano, mvujo wa moshi kabla ya turbo. Manifoldi iliyopasuka hutoa mlio wa "tik-tik" injini ikiwa baridi, na moshi unaopotea hapo ndio uliotakiwa kuizungusha turbo.

Turbo yenyewe iwe ya mwisho. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, toa mpira wa hewa, shika shafti. Kucheza kidogo pembeni ni kawaida, kwa kuwa shafti huelea juu ya oili. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, au feni ikigusa ukuta, hapo sasa mfuko ujiandae. Na uliza imekufa kwa nini: oili chafu au pungufu itaiua na hiyo utakayofunga.

Hatua nyingi kati ya hizi hazihitaji spea yoyote, ni macho, masikio na bisibisi. Ukimpata fundi anayekagua mipira kabla ya kuigusa turbo, huyo chukua namba yake.