Pesa ya korosho imeingia, madeni bado yapo: mume na mke waanzie wapi?

Kila mwaka, malipo ya mnada yakianza kuingia kwenye akaunti za wakulima, ujumbe mnaotutumia studio hubadilika. Maswali ya bei hupungua, huanza maswali ya nyumbani. Mke anauliza afanye nini, mumewe ametoa pesa yote benki na siku ya tatu haieleweki imekwenda wapi. Mume anauliza kwa nini anafuatwa na mtu asiyemfahamu anayemdai, kumbe aliyekopa ni mkewe. Tumelizungumza jambo hili hewani mara kadhaa, na wengi mmeomba tuliweke kwa maandishi ili mlisome mkiwa wawili.

Deni la Novemba huzaliwa Machi

Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi hupata pesa kubwa mara moja kwa mwaka. Chini ya stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, unapeleka mzigo chama cha msingi, unaingia ghala kuu, unapigwa mnada kuanzia Oktoba, na malipo yanakuja kupitia benki. Lakini tumbo halisubiri Oktoba. Februari hadi Aprili mahindi mapya bado yako shambani na pesa ya msimu uliopita imekwisha. Hapo ndipo anapogonga hodi mtu wa kangomba: anakupa pesa leo, utamlipa korosho msimu ukifika. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, na bado ipo, kwa sababu njaa ipo.

Tufanye hesabu ya familia ya mfano. Mwezi Machi wamechukua shilingi 100,000 wanunue gunia la mahindi, kwa ahadi ya kurudisha kilo 100 za korosho. Oktoba mnada unafika, tuseme baada ya makato mkulima anabaki na 2,500 kwa kilo. Zile kilo 100 zingekuwa 250,000. Kwa hiyo gunia lile moja limewagharimu 250,000. Kama wangenunua mahindi Novemba, pesa ikiwa mkononi na gunia liko 80,000, wangepata magunia matatu na chenji ya 10,000.

Ndiyo maana sisi hatukubaliani na ushauri wa kwamba pesa ikiingia ulipe madeni yote kwanza. Ukilipa yote Novemba ukabaki huna chakula cha Machi, Machi utakopa tena, na utakopa kwa yule aliye ghali kuliko wote.

Simu zote mkekani

Kabla ya kupanga malipo, madeni yajulikane. Watoto wakishalala, kaeni wawili na daftari moja, na simu za wote wawili ziwekwe hapo. Kila mmoja ataje anachodaiwa, hata kile ambacho mwenzake hakijui. Hiyo si siku ya kesi. Mkikubaliana tangu mwanzo kwamba hakuna atakayeulizwa "kwa nini" usiku huo, yatatoka mengi. Anayeuliza "kwa nini" usiku wa kwanza hupewa nusu ya orodha. Mume mwenye wake wawili atakuwa na daftari mbili, na asijidanganye kwamba moja inatosha.

Kwa kila deni andikeni anayedai, kiasi kilichobaki, na linaongezeka kiasi gani kwa wiki au mwezi. Hilo la mwisho ndilo muhimu, kwa sababu madeni hayafanani.

Deni la dukani kwa kawaida halina riba, ila mtu anayekopa kila siku huwa haulizi bei. Mkopo wa kikoba una riba, mara nyingi asilimia 5 au 10 kwa mwezi, lakini riba ile inaingia kwenye sanduku lenu na sehemu yake inakurudia siku ya mgao. Huduma za simu kama Songesha ya M-Pesa, zinazokujazia pale salio lisipotosha, hutoza ada inayoongezeka siku zinavyokwenda, na ukitumiwa pesa yoyote inakatwa kwanza. Ni pesa ndogo, ndiyo maana hakuna anayeiandika.

Halafu kuna kausha damu. Mama amechukua 200,000 na anarejesha 30,000 kila wiki kwa wiki 10. Jumla ni 300,000. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili wenye leseni, Benki Kuu ya Tanzania iliweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 7,000 kwa mwezi kwa mkopo huo. Huyu analipa nyongeza ya 100,000 ndani ya miezi miwili na nusu. Mikopo ya mtandaoni nayo iangaliwe: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni.

Deni moja husahaulika daima: ahadi. Mchango wa harusi ulioandikwa kwenye kadi, ngoma ya mtoto wa shangazi, sare ya kikundi. Liandikwe nalo.

Kugawa pesa ya msimu

Turudi kwa familia yetu. Walivuna kilo 700, kilo 100 zimekwenda kangomba, 600 zilizobaki zimewapa 1,500,000. Daftari linasema: simu 45,000, kausha damu 180,000 (wiki sita zimebaki), dukani 140,000, kikoba 400,000, ahadi za michango 100,000. Jumla 865,000.

Wanatoa kwanza mambo matatu yatakayowarudisha kukopa: magunia matatu ya mahindi 240,000, mahitaji ya shule ya Januari 150,000, palizi na pembejeo 300,000. Hizo ni 690,000, na wamebaki na 810,000. Haitoshi kulipa yote, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakaenda kunywa soda.

Sisi tungeanza na yanayokua haraka: simu na kausha damu, 225,000, ziishe wiki hiyohiyo. Kwa kausha damu ulizeni kwanza, kabla ya kutoa pesa, kama mkimaliza mapema atapunguza nyongeza. Wapo wanaokubali, na akikataa bado mmeondokana na mlango kugongwa kila wiki. Dukani 140,000 yote, kwa sababu mwenye duka ndiye jirani atakayekufaa mtoto akiugua usiku. Michango nendeni wenyewe mkaseme ukweli, mtoe 30,000. Zimebaki 415,000. Kikoba kipewe 250,000, na 165,000 ibaki ya matumizi ya nyumbani. Deni la kikoba la 150,000 litakalobaki, kwa riba ya asilimia 5, linaongeza 7,500 kwa mwezi, na litamalizwa kidogo kidogo kwa pesa ya mihogo au ufuta.

Ya mahindi msiiweke kama pesa. Pesa iliyo ndani ina miguu. Nunueni magunia wiki hiyo na myahifadhi kwenye mifuko ya tabaka tatu, ile inayojulikana kama kinga njaa, ikifungwa vizuri dumuzi hawaishi ndani yake. Gunia ni gumu kulitolea soda.

Yanapovujia

Hapa kila mmoja huona tundu la mwenzake. Mume anaona vijora na vyombo, mke anaona mikeka ya mpira na bia. Dawa yake ni kuandika matumizi yote ya wiki mbili bila kubadilisha kitu: bando, bodaboda, sigara, soda, mkeka, mchango. Asiyejua kuandika atumie kokoto, moja kwa kila shilingi 500, bakuli la mume na bakuli la mke. Bando la 1,000 kwa siku kwa simu mbili ni 60,000 kwa mwezi, mara tatu ya riba ya ule mkopo wa kikoba wa 400,000.

Msifute kila kitu. Tumeona nyumba zinazokaza mwezi mmoja halafu zikalipuka. Chagueni mambo mawili tu ya kupunguza, moja la mume na moja la mke, na kila mmoja awe na pesa yake ndogo ya mfukoni isiyoulizwa, hata 10,000 kwa mwezi. Wekeni pia kiwango, tuseme 20,000, ambacho hakuna anayekipita bila kumwambia mwenzake. Na vitu vya kulipa kidogo kidogo, iwe simu inayojifunga usipolipa, televisheni au pikipiki, visiingie ndani mpaka daftari liwe limefungwa.

Benki nendeni pamoja. Ujumbe wa malipo huingia kwenye simu ya mwenye akaunti, na mara nyingi ni mume. Mzee mwenzangu, mwonyeshe mama watoto ujumbe huo. Atajua tu, jirani naye kalipwa.

Nyumba isiwekwe rehani kwa siri

Kuna wakopeshaji wanaotaka karatasi ya nyumba au shamba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mume au mke bila ridhaa ya mwenzake ndoa ikiwa hai. Ukisikia mwenzako amesaini, usisubiri siku ya kufukuzwa. Nenda ofisi ya kijiji, kisha kwa wasaidizi wa kisheria wa wilaya, ukiwa na nakala ya karatasi hiyo kama inapatikana. Usimwachie mkopeshaji kadi ya benki wala namba ya siri, hata kama amekuja na mjumbe.

Kila unapolipa, omba risiti au mwandike kwenye daftari na mlipwaji asaini mbele yenu. Deni lililoisha lipigwe mstari, lisichanwe, karatasi ibaki.