Kimondo cha Mbozi kiligunduliwa na nani?

Ukipanda kosta Mbeya kwenda Tunduma, mawazo yote yanakuwa mpakani: foleni ya malori, kubadilisha kwacha, kelele za mawakala. Kilima cha Marengi hakuna anayekuonyesha. Si Rungwe wala Kilimanjaro, na hakuna mtu anayekuja Songwe na buti za mlima kwa ajili yake. Lakini shuka wilayani Mbozi, mwambie wa bodaboda akupeleke Ndolezi, kwenye kimondo. Unaacha lami, zaidi ya kilomita 10 za vumbi (au tope, inategemea umeenda mwezi gani).

Hapo kwenye mteremko kuna donge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito wa tani 16. Asilimia 90 ni chuma, karibu yote iliyobaki ni nikeli. Limetoka angani.

Vitabu vingi vitakuambia kiligunduliwa mwaka 1930 na W. H. Nott, mpima ardhi kutoka Johannesburg. Sasa jiulize: Nott alipofika, kilimani palikuwa hapana watu? Wenyeji walikijua. Alichofanya Nott ni kukipeleka kwenye maandishi ya wanasayansi. Ni kazi kubwa, sikatai, ila siyo kugundua.

Kuna hoja nyingine inayorudiwa sana: kwa kuwa wenyeji hawana simulizi ya moto kuanguka kutoka mbinguni, basi kimondo kilianguka zamani mno, kabla ya kumbukumbu zao. Hitimisho linaweza kuwa sahihi. Hata shimo la mgongano halionekani, na donge zito namna hiyo lilipaswa kuacha kovu. Mvua na udongo vimekuwa na muda wa kulifuta. Huo ni ushahidi wa ardhi, naukubali. Ule wa simulizi una udhaifu: simulizi kutoandikwa si sawa na simulizi kutokuwepo. Nani aliwauliza wazee, kwa lugha gani, na walikuwa na sababu gani ya kumjibu mgeni?

Halafu kumbuka Wanyiha walikuwa wafua chuma. Waliyeyusha mawe yenye chuma kwenye matanuru ya udongo, wakafua majembe. Watu wa namna hiyo wapite kwenye tani 16 za chuma tupu wasishtuke? Mimi naona jibu lipo kwenye nyundo. Chuma chenye nikeli ni kigumu kumegeka, na donge moja kubwa halivunjiki kama jiwe. Wainuiti wa Greenland waligonga vipande vidogo vidogo kutoka vimondo vyao kwa mawe, wakatengeneza visu, kwa sababu chuma kingine kilikuwa adimu kwao. Mnyiha mwenye tanuru lake angehangaika hivyo kwa nini?

Vimondo vya Greenland, Robert Peary alivibeba hadi New York. Kile kikubwa kiliondoka mwaka 1897. Cha Mbozi kimebaki. Walikichimba pembeni, wakaacha kiti cha udongo chini yake na kukiimarisha kwa zege. Leo eneo liko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro.

Ukifika, kizunguke taratibu utafute palipokatwa. Waliochukua sampuli ilibidi watumie msumeno wa chuma.