Siku Intaneti Ilijaribiwa Hadharani

Wiki jana nilifungiwa nje ya gemu hata kabla nianze kucheza. Sababu? Eti anwani yangu ya intaneti imetumika vibaya. Maze, mimi sijafanya kitu! Kumbe wanaoniuzia bando wanatuweka wateja wengi kwenye anwani moja. Msee mmoja akichafua, sote tunalipa.

Stori hii ilianza 1977. Vint Cerf, mmoja wa waliobuni intaneti, alichagua anwani za biti 32, yaani kama bilioni 4.3. Kwake lilikuwa jaribio tu. Jaribio likakua hadi likashika dunia nzima.

Wahandisi waliona mapema kwamba zitaisha. Desemba 1995 wakachapisha IPv6, yenye biti 128. Mwaka uliofuata wakaanzisha 6bone, mtandao wa majaribio uliofanya kazi hadi 6 Juni 2006. Lakini tovuti kubwa zilikaa tu, zikitazamana.

Ziliogopa nini? Kulikuwa na kompyuta zilizodhani zina IPv6 kumbe njia imekatika. Zingengoja na kungoja kabla ya kurudi kwa anwani ya zamani. Na wewe hungelaumu ruta yako. Ungesema tovuti ni mbovu, uhamie kwa mshindani. Nani angetangulia?

Tarehe 3 Februari 2011, akiba kuu ya anwani za zamani ikagawanywa yote. Kungoja kukawa hakuna maana tena. Kwa mwito wa Internet Society, tarehe 8 Juni 2011, saa tisa usiku kwa saa zetu, Google, Facebook, Yahoo na mamia ya wengine wakawasha IPv6 pamoja kwa saa 24. Ujanja ulikuwa huu: ukikwama, unakwama kote, kwa hivyo unajua shida iko kwako.

Siku ikapita bila balaa. Tarehe 6 Juni 2012 wakawasha tena, safari hii bila kuzima.

Kwangu, ushindi haukuwa wa teknolojia. IPv6 ilikuwa tayari miaka mingi. Kilichokosekana ni washindani kukubali kuhatarisha jina pamoja.

Sasa angalia anwani ya simu yako. Ukiona tu ile fupi yenye nukta, bila ile ndefu yenye nukta pacha, waulize wanaokuuzia bando: nyinyi bado mnangoja nani atangulie?